Kuchagua Kamera ya Kupigia Picha Anga la Mbali: Somo la Busara kutoka Bukoba na Muleba



Tangu tulipoonyesha picha zetu za nyota kigangoni, waseminari wenzetu na waamini wengi wametuuliza swali moja: mtu mwenye darubini ndogo anunue kamera gani ili apige picha za anga? Sisi ni mafrateri watano tunaosoma falsafa hapa Bukoba. Jibu letu la kwanza kwa swali hilo lilikuwa la makosa, na nusura litupotezee fedha ambazo hazikuwa zetu. Kwa hiyo tumeona vema tulijibu kwa utaratibu, tukitumia tunayojifunza darasani juu ya fadhila ya busara. Mwenye darubini ataweza kuifuata makala hii hatua kwa hatua. Asiye nayo anaweza kuitumia kupima ununuzi wowote unaofanywa kwa sadaka ya watu.

1. Swali lilivyoanza

Tukisema "anga la mbali" tunamaanisha vitu vilivyo nje ya jua letu na sayari zake: makundi ya nyota, mawingu ya gesi na vumbi yaitwayo nebula, na galaksi. Mwezi na sayari zinang'aa, hata simu ikishikizwa kwenye jicho la darubini inaweza kuzipiga. Vitu vya anga la mbali ni hafifu. Jicho huviona kama moshi mweupe, au lisivione kabisa. Kamera inaweza kukusanya mwanga kwa muda mrefu, ndipo umbo na rangi vinajitokeza.

Darubini yetu tulipewa na padre mmoja aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo. Lenzi yake ina kipenyo cha milimita 80 na urefu wa fokasi wa milimita 480, nayo ina stendi yenye mota. Julai ya mwaka jana tuliipeleka kwenye kigango kimoja wilayani Muleba, juu huko upande wa Kamachumu, baada ya semina ya vijana. Watu walipanga foleni hadi usiku. Mama mmoja, mwenyekiti wa jumuiya, alitazama lile kundi kubwa la nyota liitwalo Omega Centauri, akanyamaza kidogo, akasema: "Frateri, mimi nimeona vumbi jeupe tu. Kwenye simu ya mwanangu kuna picha za nyota zenye rangi. Za kwenu ziko wapi?"

Hatukuwa na hata moja. Jumapili iliyofuata waamini wa kigango walichanga shilingi 750,000, wakatukabidhi na agizo: nunueni kamera, kisha mje mtuonyeshe anga letu.

Fedha hiyo ilituletea ubishi. Mmoja wetu alikuwa ameona tangazo la kamera ndogo ya kufunga kwenye darubini, yenye megapikseli nyingi na bei inayotutosha, akataka tulipe usiku uleule. Mwingine alisema tukope, tuongezee, tununue kamera maalumu yenye kipozeo. Wa tatu alisema maneno yaliyotuchoma: paa la kigango kile linavuja, je, ni haki sisi kununua kamera? Tulikaa wiki mbili bila kuelewana.

2. Busara ina matendo matatu

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika *Summa Theologiae*, anafundisha kwamba busara ina matendo matatu: kufanya shauri, yaani kuchunguza njia zilizopo, kuhukumu njia ipi inafaa, na kuamuru, yaani kutekeleza lile lililoamuliwa. Kabla ya yote lazima lengo lijulikane, maana katika nia lengo hutangulia ingawa katika utekelezaji hufika mwisho. Kosa letu lilionekana wazi hapo. Tulikuwa tumeanza kuhukumu kabla ya shauri, tena kabla ya kukumbuka lengo.

Kuhusu paa linalovuja, tulifungua Sheria ya Kanisa. Kanuni ya 1267, kifungu cha 3, inaagiza kwamba matoleo ya waamini yaliyotolewa kwa lengo fulani yatumike kwa lengo hilo tu. Hatukuwa na mamlaka ya kuigeuza fedha ya kamera kuwa fedha ya mabati. Lakini kanuni hiyohiyo ilitubana upande wa pili, kwa kuwa lengo la watoaji lilikuwa waone anga lao. Kamera isiyowaonyesha anga lao ingekuwa nayo ni fedha iliyogeuzwa.

3. Shauri: mambo manne ya kuchunguza kabla ya kamera

*Jambo la kwanza: darubini uliyonayo.* Kamera haina macho yake yenyewe, inapokea kile inacholetewa na darubini. Kuna hesabu mbili ambazo kila mmoja anaweza kuzifanya kwa kikokotoo cha simu.

Hesabu ya kwanza ni ya upana wa picha. Chukua upana wa kihisi cha kamera, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga, kwa milimita. Zidisha kwa 57.3, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi wa darubini. Jibu ni nyuzi za anga zitakazoingia kwenye picha. Mwezi mpevu una upana wa nusu nyuzi. Ile kamera ndogo ya tangazo ilikuwa na kihisi cha milimita 4.8 kwa 3.6. Kwa darubini yetu ingeona nyuzi 0.57 kwa 0.43, yaani hata mwezi mpevu usingeenea wote. Kamera ya kawaida ya kubadilisha lenzi, yenye kihisi cha milimita 22.3 kwa 14.9, inaona nyuzi 2.66 kwa 1.78. Sasa linganisha na vitu vyenyewe: Kilimia pamoja na ukungu wake wa buluu huchukua karibu nyuzi 2, nebula ya Orion karibu nyuzi 1, Omega Centauri zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Kamera ya tangazo ilitengenezwa kwa ajili ya sayari. Megapikseli zake zisingetusaidia kitu.

Hesabu ya pili ni ya ukubwa wa pikseli. Zidisha ukubwa wa pikseli moja, kwa maikromita, kwa 206, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi. Utapata sekunde za tao kwa kila pikseli. Nyuzi moja ina sekunde za tao 3,600. Hewa inayotikisika juu yetu huitawanya nyota kwa sekunde za tao 2 hadi 4 katika usiku wa kawaida. Kwa hiyo kamera inayotoa kati ya 1 na 2 kwa pikseli inatosha kwa darubini ndogo. Pikseli ya maikromita 4.3 inatupa 1.85. Kutafuta pikseli ndogo zaidi ni kukuza ukungu tu.

*Jambo la pili: stendi.* Dunia inazunguka, na nyota iliyo karibu na ikweta ya anga huhama sekunde za tao 15 kila sekunde. Kwa kamera tuliyoitaja, hizo ni pikseli 8 kwa sekunde moja tu. Bila stendi inayofuata nyota, kila nyota itakuwa mstari. Ndiyo maana wazoefu hushauri fedha ianze kwenye stendi, ndipo ifike kwenye kamera.

Hapa Kagera kuna ugumu wa pekee. Bukoba iko zaidi kidogo ya nyuzi 1 kusini mwa ikweta, na Muleba inakaribia 2. Mhimili wa stendi hulazimika kuelekezwa kwenye ncha ya anga, na kwetu ncha ya kusini iko chini kabisa kwenye upeo, nyuma ya migomba na vilima. Nyota ya Kaskazini haitusaidii. Tena stendi yetu ilikuwa haiinami chini ya nyuzi 15. Tuliirekebisha kwa kutofautisha urefu wa miguu yake mpaka mhimili ukakaribia kulala, tukaning'iniza mfuko wa mchanga katikati isije ikaanguka. Ncha tuliitafuta kwa njia ya zamani: kutazama nyota moja inahama kuelekea upande gani, kisha kusogeza stendi kidogo kidogo hadi nyota itulie. Mwenye kompyuta anaweza kutumia programu ya bure kama N.I.N.A., ambayo inaweza kupima makosa ya mhimili bila kuiona ncha yenyewe.

*Jambo la tatu: anga na majira.* Ukanda wetu wa ziwa una mvua nyingi. Masika na vuli mawingu hutawala, na Julai ndiyo hutupa usiku mkavu zaidi. Januari na Februari huwa na nafasi. Mwezi ukiwa mkubwa, vitu hafifu hufichika. Kalenda yetu kwa hiyo ni ileile ya wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria: wao huingia ziwani na taa zao siku za giza na kupumzika wakati wa mbalamwezi. Ukiona taa zimejaa ziwani, jua kwamba usiku huo ni wako pia, ila elekeza darubini mbali nazo. Novemba kuna taa nyingine kali, za watega senene, na hizo hazina ubaya isipokuwa kwa mpiga picha wa nyota.

Lakini tumebarikiwa pia. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, karibu anga lote la kaskazini na la kusini hupita mbele yetu katika mwaka. Orion hupita karibu na utosi, galaksi ya Andromeda huonekana kaskazini, na Wingu Kubwa la Magellan huonekana kusini. Watu wa Ulaya hawalioni hilo la mwisho wakiwa kwao.

*Jambo la nne: muda na umeme.* Giza kamili hufika kwetu mnamo saa mbili na robo usiku. Kwa ruhusa ya walezi tunaweza kukaa nje hadi saa nne, kwa sababu Misa ya asubuhi haiwasubiri wapiga picha. Tuna takriban saa moja na dakika 45, na kiwanjani hakuna soketi ya umeme. Kifaa kinachohitaji kompyuta, betri kubwa na nusu saa ya maandalizi kingekula muda wetu wote.

4. Hukumu: aina nne za kamera

Simu ni mwanzo mzuri kwa mwezi, na haigharimu kitu kama unayo. Kwa anga la mbali itakupa nyota angavu tu.

Kamera ndogo za sayari zinafaa kwa sayari, na baadaye zinaweza kusaidia kuiongoza stendi. Kwa Kilimia na nebula pana hazifai.

Kamera maalumu zenye kipozeo ndizo bora kwa kazi hii. Kihisi kikipata joto hutoa chenga, na chenga hizo huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 6 au 7 za joto. Kipozeo huweza kukishusha nyuzi 30 au zaidi chini ya joto la hewa. Lakini bei yake ni mamia ya dola za Marekani, mara nyingi hukaribia elfu moja, kabla ya usafiri na ushuru. Pia huhitaji kompyuta na betri ya volti 12. Kati yake zipo za rangi na za nyeusi na nyeupe. Za nyeusi na nyeupe hunasa mwanga vizuri zaidi, ila kila rangi hupigwa peke yake kwa kichujio chake. Katika mji wa mvua kama wetu unaweza kupata nyekundu leo na kuisubiri buluu mwezi mzima. Mkazi wa Bukoba mwenye uwezo wa kununua aina hii achague ya rangi.

Kamera ya kubadilisha lenzi, iliyotumika, ndiyo tuliyoichagua. Tulipata Canon EOS 600D, aina iliyotoka mwaka 2011. Kihisi chake ni kile cha milimita 22.3 kwa 14.9, na pikseli zake ni za maikromita 4.3. Ina betri yake, haihitaji kompyuta, na kioo cha nyuma hukuza nyota wakati wa kulenga. Udhaifu wake ni kwamba kiwandani huwekewa kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa gesi ya hidrojeni. Nebula nyekundu hutoka hafifu. Wapo mafundi wanaokiondoa kichujio hicho, lakini baada ya hapo picha za mchana hutoka na wekundu usio wa kweli.

Hapo tulikumbuka jambo lililotusaidia kuamua. Paroko alikuwa ametuomba tupige picha vitabu vya zamani vya ubatizo na ndoa. Tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lililoua watu na kubomoa nyumba nyingi katika Bukoba na jirani, lilitufundisha wote kwamba ukuta na kabati haviaminiki milele. Kamera isiyoondolewa kichujio ingefanya kazi mbili, usiku nyota na mchana kumbukumbu za parokia. Tukaamua kichujio kibaki, na tuchague vitu vya angani visivyotegemea sana wekundu: Kilimia, Omega Centauri, Andromeda, Mawingu ya Magellan, na nebula ya Orion ambayo inang'aa vya kutosha.

5. Utekelezaji

Kamera, pete ya kuiunganisha na darubini, waya wa kufyatulia, betri ya pili na kadi ya kumbukumbu vilitugharimu shilingi 610,000. Kabla ya kulipa tuliomba kupiga picha moja ya sekunde 30 kifuniko kikiwa kimefungwa, tukaikuza kuona kama kihisi kina alama mbovu. Mnunuzi wa kamera iliyotumika asiache kufanya hivyo.

Usiku wa kwanza ulitushinda. Umande ulifunika lenzi ndani ya nusu saa, na picha zote zikawa na ukungu. Tukatengeneza bomba la karatasi ngumu mbele ya lenzi. Kwa karatasi hiyohiyo tulikata kinyago cha Bahtinov, yaani kifuniko chenye mifereji kinachosaidia kulenga: nyota hutoa mistari mitatu, na wa kati ukikaa katikati, lengo limekamilika.

Januari, katika siku za giza, tulielekeza darubini kwenye Kilimia, ambayo wakati huo huwa juu mapema jioni. Tulipiga picha 100 za sekunde 30 kila moja, kwa ISO 1600 na kwa faili ghafi. Mawingu na upepo viliharibu 19, zikabaki 81. Tulipiga nyingine 20 kifuniko kikiwa kimefungwa, ili chenga za joto zitolewe baadaye. Programu ya bure iitwayo Siril ilizipanga picha zote moja juu ya nyingine. Kanuni ni kwamba ubora huongezeka kwa kipeuo cha pili cha idadi: picha 81 hushinda chenga mara 9 kuliko picha moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Kazi hii ya uvumilivu si ngeni katika Kanisa. Papa Leo XIII aliianzisha upya Rasadi ya Vatikani mwaka 1891, nayo ikashiriki mradi wa mataifa mbalimbali wa kupiga picha anga lote. Masista wanne wa Maria Bambina walikaa miaka mingi, kuanzia mwaka 1910, wakipima nafasi za nyota kwenye vioo vya picha, wakaorodhesha nyota zaidi ya 480,000.

Tuliporudi Muleba tulibeba picha mbili zilizochapishwa: moja kati ya zile 81, yenye chenga tele, na ile iliyounganishwa. Mama mwenyekiti alizishika zote mbili, akauliza bila kutuonea haya: "Hii nzuri ni ya kwenu, au mmeitoa kwenye intaneti?" Tukamweleza jinsi ya kwanza ilivyozaa ya pili, na kwamba rangi tumezikoleza ila hatukuziongeza. Alizilinganisha nyota moja moja kwa kidole. Kisha akawaita wenzake: "Njooni, ni Kilimia! Ile ya kulimia."

Hapo tulielewa kwa nini picha za darubini kubwa za duniani hazikumtosha. Hazikuwa za usiku wake.

Shilingi 140,000 zilizobaki tulizirudisha pamoja na risiti, zikasomwa mbele ya waamini. Wao, waliokuwa na haki ya kuamua, walizipeleka kwenye mabati.

Hitimisho

Basi, anayetuuliza anunue kamera gani, tunamjibu kwa maswali, kwa mpangilio huu: Picha ni ya nani, na ya kitu gani? Darubini yako ina urefu gani wa fokasi? Stendi yako inafuata nyota? Una saa ngapi za giza, na umeme gani? Kamera itafanya nini mchana? Akishajibu hayo, jina la kamera litajitokeza lenyewe, na huenda likawa la bei ndogo kuliko alivyodhani.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika ununuzi wa mwisho wa jumuiya yenu, je, shauri lilitangulia hukumu?
2. Ni fedha gani tunazoshika ambazo watoaji walizipa lengo maalumu? Je, wamepata taarifa?
3. Usiku wa giza ujao, tokeni nje baada ya sala. Ni nyota zipi wazee wenu wanazijua kwa majina, na vijana wamezisahau?